Kovu la Shingoni na Mzigo wa Mgongoni

Wewe uliye na kovu la zamani, nianze na neno ambalo hutalikuta kwenye bango la kliniki: halitoki lote. Lako likitoka lote, basi halikuwa kama langu, na umshukuru Mungu. Aliyekuja kutafuta hadithi ya kovu lililopotea, afunge hapa aende akapalilie shamba lake.

Sista wa kliniki ya ngozi ndiye aliyeniomba niandike. Wanawake wa benchi huniuliza yale yale kila nikija: inauma? Inarudi? Watu watakuangalia vizuri? Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini kalamu naishika, na yaliyonipata nayakumbuka yote.

Niliungua nikiwa na miaka ishirini na minane, soko la Kathiani, nikikaanga mandazi. Jiko lilikuwa la mawe matatu. Jiwe moja liliteleza, karai likanigeukia, mafuta yakanimwagikia taya la kulia, shingo na juu ya kifua. Nilifungwa bandeji, nikapewa dawa ya maumivu, nikarudishwa nyumbani. Hakuna aliyeniambia nilale shingo ikiwa imenyooka. Nililala kidevu kikiwa kifuani, kwa sababu hivyo ndivyo maumivu yalivyopungua, na ngozi ikashikana vile nilivyolala. Andika hilo mahali ulione: ukiungua, usilale vile unavyopenda.

Kwa miaka thelathini na minane nilikuwa na kamba ya nyama kutoka tayani mpaka kifuani. Nene kama kidole gumba, inang'aa, nyeusi. Kutazama embe mtini nilikuwa nageuka mwili mzima, na kutazama mawingu lazima nilale chini. Wakati wa jua kali kovu lilikuwa linawasha, nikawa nalikuna kwa kigunzi cha mahindi mpaka damu. Mume wangu, marehemu sasa, hakuwahi kunitukana kwa ajili yake. Alihamisha tu kiti chake. Tangu siku niliyotoka hospitali mpaka siku tuliyomzika, alikula akiwa ameketi upande wangu wa kushoto.

Nilikuwa nimelizoea. Sikutafuta daktari kwa ajili ya mume, wala kwa ajili ya soko. Nilimtafuta kwa ajili ya Syombua.

Syombua ni jina langu. Ni jina la mjukuu wangu pia, binti wa kwanza wa mwanangu Mutinda, anayefanya kazi kiwandani Athi River. Sisi Wakamba msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na mwenye jina lako ndiye wewe, umekuja tena. Mutinda humwita yule mtoto Mwaitu, yaani mama yangu, kama anavyoniita mimi. Sasa fikiria jina lako mwenyewe linakutazama usoni na kupiga kelele kama limeona nyoka.

Ilikuwa Krismasi, mtoto anakaribia miaka miwili. Nilinyoosha mikono. Alilia mpaka akatapika kwenye blauzi ya mama yake. Wakaja tena Pasaka, ikawa vile vile. Mara ya tatu mke wa Mutinda, msichana mwenye adabu, sina ugomvi naye, alisimama na mtoto nje karibu na tangi na kusema kwa upole, "Mama, tutakuja akikua kidogo."

Upole wake ulinichoma kuliko yale mafuta.

Kwanza nilifanya ujinga, na ninausema ili wewe usiufanye. Mwanamke mmoja soko la Matuu aliniuzia mafuta ya kutoa makovu, kopo dogo lisilo na maandishi. Nilipaka wiki sita. Ngozi nzuri iliyozunguka kovu ikawa nyeupe, kovu likabaki jeusi. Nikawa kama barabara ya vumbi ambayo nyoka anaivuka. Ndipo nikaenda hospitali kubwa ya Machakos mjini, mwezi wa sita, kwenye ile baridi ya kuuma vidole.

Mtu hawezi kukuambia jinsi ya kungoja, lakini jaribu kuja umekula. Unapewa namba. Unakaa kwenye benchi la mbao, unasogea kila mmoja akiingia, na ukifika mwisho wa benchi unagundua kuna benchi lingine ndani. Kule kila mtu amefunika kitu: huyu skafu, yule kofia, yule mikono mirefu mpaka kwenye vidole. Hakuna anayetazama mwenzake, halafu baada ya saa mbili kila mtu anajua ya kila mtu. Bibi mmoja aliyeleta mjukuu wake aliniuliza umri huu natafuta urembo wa nini, kwani nataka kuolewa tena? Nikamwambia nikipata mzuri sitakataa. Benchi zima likacheka, na tangu hapo tukawa tunasalimiana.

Karibu nami alikaa Kalondu, msichana wa Katangi, mikono yake yote miwili imeungua hadi kwenye viwiko. Mumewe alikuwa amemrudisha kwao akisema mikono ile inamwondolea hamu ya chakula. Alilisema hilo kama mtu anayesema bei ya sukari.

Daktari alikuwa kijana, mtu wa upande wa ziwa, Kiswahili chake safi. Alinishika kidevu akakisukuma juu pole pole mpaka kikakataa. Akanieleza njia zilizopo. Kuna sindano zinazopigwa ndani ya kovu lenyewe ili lishuke. Kuna karatasi laini kama mpira, ya silikoni, unaivaa juu ya kovu miezi mingi. Kuna mashine ya mwanga huko Nairobi, lakini hiyo inapunguza wekundu na ugumu, haiwezi kufungua shingo iliyoshikana. Na kuna kisu: wakate ile kamba, waweke ngozi kutoka pajani. Kwa shingo yangu, akasema, lazima kisu kwanza.

Nikamwambia mimi shida yangu si shingo. Nataka mtoto asiniogope.

Hakucheka. Alisema, "Hiyo siwezi kukuahidi, mama. Naweza kukuahidi utatazama juu."

Nilipenda kwamba hakunidanganya. Nikakubali.

Walinikata mwezi wa nane, watu wakivuna mbaazi. Sitaeleza ya kule ndani, nilikuwa nimelala. Nitaeleza ya baadaye. Jeraha la paja liliniuma kuliko la shingo, hilo hakuna anayekuonya. Mahali walipochuna ngozi pakawa kama goti la mtoto aliyeanguka kwenye kokoto, ila pana kama sahani. Bandeji ilianza kunuka siku ya nne, na nilijua inanuka kwa sababu wageni walikuwa wanasimama mlangoni. Sikuweza kuosha kichwa. Sista aliona najikuna, akaleta beseni, akaniosha nywele bila kumwagia shingo hata tone, akizungumza nami Kikamba kama mwanangu. Nililia wakati huo tu. Wakati wa kisu sikulia.

Walipofungua, niliomba kioo. Kulikuwa na kiraka. Sijui neno lingine. Kiraka kama cha suruali, rangi yake tofauti, na kingo zake zimeinuka. Nikawaza, nimetoa nyoka nimeweka kiraka. Halafu niliinua kidevu bila kufikiria na nikaona taa ya dari. Niliitazama ile taa mpaka macho yakauma.

Kabla ya kuniruhusu, daktari alinipa masharti. Nivae kola ya kubana shingo mchana na usiku, miezi mitatu. Nipake mafuta na kukanda kovu kila siku. Nisilime. Nisibebe kitu kichwani wala mkononi. Alinifanya niyarudie yote. Niliyarudia yote.

Sasa nifike pale pabaya.

Mwezi wa kumi mvua ilikuwa bado. Tangi langu lilikauka. Jirani yangu Mama Mutua ndiye aliyekuwa ananichotea maji mtoni, pale wanapochimba mchanga mpaka maji yatokee. Siku ya Jumamosi alikuwa ameenda mazishi huko Katangi. Na siku hiyo hiyo Mutinda akapiga simu kwamba kesho wanakuja, wote watatu. Nilikuwa nimemwambia naweza kutazama juu, naye akamwambia mkewe, na mkewe akakubali wajaribu tena.

Nyumba haina maji. Mtoto anakuja kuona shingo mpya ya susu, yaani nyanya yake. Atanawa na nini? Nitapika na nini?

Nilitoa mukwa kwenye msumari. Kwa msomaji wa mbali, mukwa ni ukanda wa ngozi. Mzigo unakaa mgongoni, ukanda unaufunga mzigo na kupita juu ya paji la uso, na wewe unainama na kwenda. Nimebeba hivyo tangu nikiwa msichana wa miaka saba. Nina bonde kwenye kichwa mahali mukwa ulipopita miaka yote hiyo, unaweza kuweka kidole ndani. Hiyo nayo ni alama ya zamani, na hakuna daktari aliyewahi kuniuliza kama nataka itolewe.

Nilivua kola kwa sababu ilinizuia kuinama. Nikajaza mtungi wa lita ishirini. Njiani kwenye mwinuko, karibu na mparachichi wa Mama Mutua, nilisikia kitu shingoni kikiachia, kama uzi wa nguo unapokatika. Hakikuuma sana. Kulikuwa na joto, halafu unyevu. Nikasema ni jasho. Sikutua mzigo. Nilifika na maji yote.

Kesho yake nilifunga leso shingoni. Walipofika, mtoto alishuka kwenye gari la jirani yao, akanitazama kutoka mbali, na hakulia. Alisogea hatua tatu. Nilikuwa nazihesabu. Ndipo damu ikapita kwenye leso, nami sikujua, nikamwona yeye anatazama mahali fulani chini ya kidevu changu na uso wake unabadilika.

Hawakukaa hata kula. Kuku alikuwa jikoni.

Mutinda alibaki nyuma kidogo akinishika mkono. Sauti yake ilikuwa ya hasira ya mtu aliyeogopa. "Mwaitu, ni nani alikwambia ubebe maji?"

"Mtoto angenawa na nini?"

"Angenawa na nini? Tungekuja na maji kwa gari!"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Miaka sitini na sita, na halikunijia kabisa kwamba maji yanaweza kuja na mgeni.

Jumatatu nilikuwa kwenye benchi. Daktari alifungua, akavua miwani.

"Mama, nilikwambia usibebe kitu."

"Uliniambia nisibebe kichwani wala mkononi."

"Sasa ulibeba na nini?"

"Na mgongo."

Sista aligeukia dirishani, mabega yanatikisika. Daktari hakuelewa. Ilibidi sista achukue mkanda wa bandeji, aupitishe kwenye paji lake la uso, ainame na kuzunguka chumba kama amebeba kuni, ndipo yule kijana akaona shingo inavyovutwa. Akaketi.

"Kwetu wanabeba juu ya kichwa," akasema. "Sikujua kuna hivi."

Tangu siku hiyo kwenye karatasi ya masharti iliyobandikwa ukutani kuna mstari mmoja umeongezwa kwa kalamu: Usibebe kwa mukwa. Ukiuona, ujue ni shingo yangu iliyouandika.

Lakini nisijifiche. Watu wakisikia habari hii wanasema kosa ni la daktari, hakusema mgongo. Mimi nilijua. Mtu aliyebeba tangu miaka saba anajua mukwa unavuta wapi. Nilichukua lile neno ambalo hakulisema nikapita nalo, kama mbuzi anayepita kwenye ua mahali mti mmoja umekosekana.

Jeraha liliingia wadudu. Wiki tatu za kusafishwa. Halafu mvua ya mwezi wa kumi na moja ikashuka, na pamoja na magugu, ukingo wa kile kiraka ukaanza kuota. Kwanza kama mbegu ya mbaazi, halafu kama kunde zilizopangwa. Daktari alikuwa amenionya kwamba ngozi ya aina yangu hufanya hivyo ikivutwa. Nilimwambia akate. Akasema akikata sasa litarudi kubwa zaidi, nimeshawaona wenyewe benchini. Na kweli nilikuwa nimewaona. Kuna mzee aliyekatiwa la kifuani na mtu wa dawa za kienyeji, lilirudi mara mbili.

Kwa hiyo sindano. Kila mwezi, kuanzia maembe yanapoiva mpaka mahindi ya pili yanapokauka. Usiamini anayekuambia ni kama kuumwa na siafu. Kovu ni gumu kama ngozi ya ng'ombe, dawa haitaki kuingia, daktari anasukuma mpaka kidole chake kinakuwa cheupe. Nilimshika sista mkono na kuhesabu mbuzi wa baba yangu kwa majina yao, niwakumbukao. Mara ya kwanza niliishiwa na mbuzi kabla hajamaliza.

Kalondu alipata sindano tatu. Mara ya nne benchi lilikuwa na nafasi. Nilimuuliza sista, akasema simu yake haipatikani. Niliwauliza watu wa Katangi sokoni, hakuna aliyemjua. Mpaka leo nikikaa pale naacha kanafasi kadogo upande huo, nasogea wakinisukuma tu.

Mutinda alichoka kabla yangu. Mwezi wa pili alisema niache, mtoto atazoea au hatazoea, nisijiue kwa ajili ya mtoto ambaye kesho atakuwa shuleni. Nilimwambia asinifundishe kuacha. Tukakaa bila kuongea mpaka mvua ya masika. Mkewe ndiye aliyekuwa ananipigia, akiuliza tu, "Mama, sindano ilikuwa aje?" na kunisikiliza. Nilimhukumu vibaya yule msichana, na nimemwambia hivyo.

Sasa hesabu yangu ni hii. Kovu limeshuka zaidi ya nusu. Mahali sindano zilipopita ngozi imekuwa nyembamba na imepauka. Kiraka ni kiraka. Karatasi ya silikoni naivaa, naivua nikioga, naiosha kwa sabuni, naianika kwenye bati safi. Kuwashwa kunarudi jua likikaza, lakini kigunzi nimekitupa, sasa napaka mafuta na kukanda kwa kidole. Taa naiona. Mawingu nayaona nikiwa nimesimama. Yule mtu aliyekuwako kabla ya karai hakurudi, na ukimtafuta huyo kwenye kliniki utachoka bure.

Mwezi wa nane uliopita, mke wa Mutinda alimleta Syombua wakae wiki mbili. Hajafika miaka minne, lakini maneno anayo. Siku ya kwanza hakulia. Aliniamkia akitazama miguu yangu. Alikula akiwa amegeukia mlango. Siku ya tatu ikawa vile vile, na ya tano. Nikimwita anakuja, nikimpa anapokea, lakini macho yake yalipita kando yangu kama mtu anayepita kando ya shimo. Nilimwambia mama yake asimlazimishe. Nilijiambia hii ndiyo sehemu yangu: mtoto asiyelia na asiyetazama.

Siku ya tisa nilikuwa nje napepeta muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Nikanyanyua macho nikaona kiti kimewekwa chini ya ule msumari wa mukwa, na Syombua ameshuka. Alikuwa ameshusha mukwa. Alikuwa ameufunga kwenye mtungi mdogo wa mafuta ya kupikia, mtupu, na ule ukanda ameuweka kwenye paji lake la uso, ameinama, anakwenda kwenye kisima chake kisichokuwako. Sijui ni nani alimwonyesha. Labda ni lile jina.

Niliacha ungo. Niliuvuta mukwa kutoka kichwani mwake, kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

"Huu si wa kuchezea."

"Ni wangu!"

"Si wako. Na hautakuwa wako."

Alinigeukia. Alipiga mguu chini, akainua uso, akanikazia macho, taya, shingo, kiraka na vyote, kutoka karibu kama mkono unavyofika. Akafungua mdomo akalia.

"Susu, nitaambia baba!"

"Mwambie."

"Nitamwambia!"

Makamasi yalimfika mdomoni. Hakurudi nyuma hata hatua moja. Alilia akinitazama usoni moja kwa moja, amekasirika, kama mtoto yeyote anavyomlilia nyanya yeyote aliyemnyima kitu, na alichokuwa anakililia ni mukwa.

Alilia sana. Sikumpa.